Bia ya kiwanda kidogo katika joto la Dar: kwa nini imegeuka, na uionje vipi

"Mtaalamu, shikamoo. Naishi Dar es Salaam, nyumbani ni Marangu. Mwishoni mwa Januari nilinunua chupa sita za bia ya kiwanda kidogo cha hapa mjini, ile yenye hopi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Mbili tulikunywa siku hiyohiyo na mume wangu. Zilikuwa na harufu nzuri ya maganda ya machungwa na embe. Nne nikaziweka juu ya kabati la jikoni kusubiri wageni. Baada ya wiki tatu nikafungua mbili. Ya kwanza ilifoka povu mpaka sakafuni. Ya pili haikufoka, ila ilinuka kama boksi lililolowa. Chini ya zote kuna mashapo meupe. Mume wangu anasema wameweka kemikali. Kaka yangu anasema imeshakuwa sumu, ina methanoli, nimwage. Je, ni salama? Mbona bia tulizozoea hazifanyi hivi hata zikikaa dukani miezi? Katika joto hili bia kama hizi zinanywewa za baridi sana au za moto? Na Pasaka nataka kumpelekea baba aonje. Yeye ni mtu wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, anatumia dawa za presha na ana jongo. Asante."

Marahaba, mdogo wangu. Umeeleza vizuri, na ndani ya maelezo yako mna zaidi ya nusu ya jibu. Nianze na linalokutia hofu. Bia hiyo haikugeuka sumu, na shemeji aniwie radhi, hakuna dalili ya kemikali iliyowekwa kwa siri. Kilichoiharibu ni wiki tatu juu ya kabati la jikoni, Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Wala usijilaumu peke yako. Aliyekuuzia alipaswa kukwambia, na chupa ilipaswa kuandikwa kwa herufi zinazosomeka kwamba itunzwe kwenye baridi.

Bia nyingi za viwanda vidogo uzichukulie kama maziwa mabichi ya kituo cha maziwa, si kama yale ya pakiti yanayokaa rafuni bila friji. Yote ni maziwa, ila moja limeandaliwa livumilie safari na jingine limeandaliwa linywewe mapema. Kiwanda kikubwa huchuja bia mpaka hamira itoke, kisha huzipitisha chupa zilizokwisha kufungwa kwenye maji ya moto, bia iliyomo ifikie kama nyuzi 60 kwa dakika kadhaa. Njia hiyo ilitokana na kazi ya Louis Pasteur, Mfaransa aliyeonyesha katika karne ya 19 kwamba divai na bia huharibiwa na vijidudu, na kwamba moto wa kiasi huviua bila kukichemsha kinywaji. Mitambo yao ya kujaza chupa nayo huacha hewa kidogo mno shingoni. Ndiyo maana chupa ile huvumilia lori, stoo ya bati na rafu ya duka la mtaani.

Kiwanda kidogo mara nyingi hakichuji kiasi hicho wala hakipashi bia moto. Sababu moja ni fedha, kwa kuwa mitambo hiyo ni ghali. Sababu nyingine ndiyo inayotufanya sisi tunaoipenda kazi hii tuendelee nayo: harufu ile ya maganda ya machungwa uliyoifurahia inatoka kwenye mafuta mepesi ya hopi, na mafuta hayo ni dhaifu mbele ya moto na hewa. Ukitaka uyanuse yakiwa kamili, lazima ukubali kuyatunza.

Sasa tuingie kabatini. Ndani ya shingo ya kila chupa hubaki hewa kidogo, na ndani ya hewa hiyo mna oksijeni. Taratibu oksijeni huyala mafuta ya hopi, harufu ya embe ikafifia. Papo hapo viambato vilivyotoka kwenye kimea cha shayiri hubadilika, na kimojawapo kinachojitokeza wanakemia hukiita nonenali. Pua ya mtu hukitambua hata kikiwa kidogo sana, na inachokitambua ndicho hicho ulichokitaja, karatasi nene au boksi lililolowa. Kwa hiyo pua yako haikukosea hata kidogo. Umenusa bia iliyozeeka.

Umri wa bia hauhesabiwi kwa kalenda tu. Joto ndilo linalouharakisha, na kwetu pwani msimu wa kaskazi hauna huruma. Watengenezaji bia wana hesabu yao ya kukadiria: uzee ambao bia huupata kwa siku 3 katika nyuzi 32, katika nyuzi 22 huupata kwa siku 30, na katika friji ya nyuzi 3 kwa siku 300. Si kipimo cha maabara, maana bia hazifanani, lakini inaonyesha ukubwa wa jambo. Siku zako 21 ni mara saba ya zile tatu. Ukizibadilisha kuwa siku za friji unapata siku 2,100, yaani zaidi ya miaka mitano. Hata ukipunguza nusu kwa sababu usiku kunapoa, bado hiyo si bia changa tena. Na juu ya kabati la jikoni ndipo joto la jiko linapokwenda kutua.

Chupa iliyofoka ina maelezo mawili, na ungeweza kuyatofautisha kwa kuonja tone. Gesi hushikwa vizuri na kinywaji cha baridi na kukimbia kinywaji cha moto, kwa hiyo bia iliyotolewa kabatini na kufunguliwa bila kupozwa inaweza kurusha povu hata kama haina tatizo jingine. Maelezo ya pili ni kwamba hamira iliyobaki chupani iliamshwa na joto ikala sukari iliyobaki, ikatoa gesi zaidi. Au hamira ya porini na bakteria waliingia wakati wa kujaza chupa, wakafanya kazi hiyohiyo. Kama tone hilo lilikuwa na ladha ileile ila imechoka kidogo, ni joto tu. Kama lilikuwa chachu, jembamba mdomoni, lenye ukali wa siki, basi kuna mgeni aliyeingia, na hilo kiwanda kinapaswa kulisikia kutoka kwako.

Zimebaki mbili. Naomba uzishughulikie leo, na si kwa sababu ya sumu. Chupa ya kioo yenye gesi iliyozidi inaweza kupasuka, na vipande vyake huruka, na wewe una nyumba ya watu. Zifunike kwa taulo unapozibeba, ziweke wima kwenye friji, sehemu ya chini, mpaka kesho. Kisha zifungue ndani ya sinki, shingo ikiwa imefunikwa kwa kitambaa, ukiuachia mfuniko kidogokidogo. Ukikuta zinanuka boksi, mwaga bila majuto. Wapo wanaosema bia iliyozeeka itumike kulowekea nyama. Mimi sikushauri, kwa sababu harufu ya boksi inahamia kwenye nyama nayo ikakuharibia mishikaki.

Mashapo meupe yasikuogopeshe. Ni hamira iliyomaliza kazi, pamoja na protini za shayiri zilizoshuka chini. Ni salama, ingawa wengine yakiwa mengi huwajaza gesi tumboni. Simamisha chupa wima usiku mmoja, mimina polepole kwa mkono mmoja usiotetereka, na acha kidole kimoja cha bia chini. Kwa bia ya ngano mambo yanageuka: wengi huitikisa kidogo sehemu ya mwisho na kuimimina makusudi, kwa kuwa ukungu ule ni sehemu ya ladha yake. Utaona pia bia nyingine inakuwa na ukungu ikiwa baridi na kung'aa ikipata joto. Hizo ni protini zinazoshikana na viambato vya kimea na hopi kwenye baridi, kisha zinaachana. Si uchafu.

Sasa methanoli, kwa sababu kaka yako amesema jambo ambalo watu wengi wanaliamini, na hofu yake ina chanzo cha kweli. Tumesikia mara nyingi, hapa na Kenya, watu waliopofuka au kufa baada ya kunywa pombe kali za vichochoroni. Lakini methanoli haizaliwi kwenye bia kwa sababu imekaa. Shayiri ikichachuka hutoa methanoli kidogo sana isiyomdhuru mtu, na kukaa kabatini hakuiongezi. Maafa yale hutokea mtu anapochukua spiriti ya viwandani, inayotumika kwenye rangi na usafi, akaichanganya kwenye pombe iliyokenekwa au akaiuza kama pombe ili apate faida ya haraka. Kwa hiyo woga wa kaka yako auelekeze kwenye chupa isiyo na nembo ya kweli, pombe kali inayouzwa kwa bei ambayo haiingii akilini. Na lau mtu amekunywa pombe ya aina hiyo, kisha saa kadhaa baadaye au kesho yake akaanza kuona ukungu machoni, kichwa kikamuuma vibaya, akatapika au akahema kwa nguvu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Msimwache alale kwanza ili pombe iishe.

Je, bia iliyozeeka inaweza kuleta ugonjwa wa tumbo? Kwa bia iliyotengenezwa kwa kuchemshwa na kutiwa hopi, uwezekano ni mdogo sana. Ina kilevi, ina uchachu wa kutosha, ina gesi ya kaboni dioksaidi mahali pa oksijeni, na uchungu wa hopi wenyewe huwazuia bakteria wengi. Vijidudu vinavyoleta kipindupindu au homa ya matumbo havistawi humo. Wanaoweza kuishi humo huharibu ladha, hawakulazi kitandani.

Nisiache upande wa pili, kwani huwa nawasikia watu wakisema pombe yoyote ya asili ni salama kwa kuwa imechachuka. Hapana. Januari 2015, katika eneo la Chitima mkoani Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji kwenye msiba. Uchunguzi ulikuta sumu iliyotengenezwa na bakteria aliyekuwa kwenye unga wa mahindi ulioharibika uliotumika kuipika. Hiyo sumu haikuondolewa na kuchemsha wala na kilevi. Nafaka iliyoota ukungu au kulowa mafuriko haifai kwa ugali, na haifai kwa pombe. Kwa mbege, ulanzi au mnazi, angalia nani kaiandaa, maji ameyatoa wapi, vyombo vikoje. Pombe za asili ni ufundi mkubwa na nazipenda kwa dhati, na kwa sababu nazipenda sitaki zinywewe kwa mazoea ya kufumba macho.

Umeuliza kuhusu baridi na moto. Hapa kwetu mhudumu atakuuliza swali hilo kabla hujakaa sawa, na kila mtu ana msimamo wake. Kwa bia hizi ningekushauri katikati, ukielemea kwenye baridi. Baridi kali hufanya mambo mawili: inauganzisha ulimi, na inazuia harufu kupanda kutoka kwenye glasi. Bia iliyotoka kwenye friza ikiwa na barafu shingoni itakata joto, lakini hutajua umekunywa nini, na umelipia harufu ambayo hukuinusa. Kwa upande mwingine, bia yenye nyuzi 30 hupoteza gesi haraka, utamu wake unakuwa mzito, na kilevi kinachoma puani. Bia nyepesi ya laga inapendeza katika nyuzi 4 hadi 7. Yenye hopi nyingi kama uliyonunua, 7 hadi 10. Stauti na bia nyeusi nzito, 10 hadi 13. Huna haja ya kipimajoto. Itoe kwenye friji ya kawaida, si friza, mimina, na kwa joto la Dar subiri dakika tano tu, stauti dakika kumi na zaidi kidogo. Kisha ionje tena inapoendelea kupata joto. Utakuta bia moja inakupa harufu mbili tatu ndani ya glasi moja, na kwangu hiyo ndiyo raha kubwa kuliko zote.

Tumia glasi, usinywe kwenye chupa. Ukinywa kwenye chupa pua haipati kitu, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hutoka puani. Glasi iwe safi kweli. Mafuta yaliyobaki ya chipsi au sabuni isiyosuuzwa huua povu na kuleta ladha ya ajabu, na hapo utamlaumu mtengenezaji bure. Isuuze kwa maji safi kabla ya kumimina. Mimina kidogo, robo ya glasi inatosha. Itazame, izungushe, inuse kwa pumzi fupi mara mbili, kisha kunywa fundo dogo ulizungushe mdomoni kabla ya kumeza, na baada ya kumeza toa pumzi kupitia puani. Hapo ndipo harufu ya pili inapofika. Sisi watengenezaji bia tunameza tunapoonja, kwa sababu uchungu wa hopi hupokelewa vizuri zaidi nyuma ya ulimi na kooni.

Kuna harufu chache zitakazokusaidia kujua kama una bia nzuri mbele yako. Siagi au bisi zenye siagi, ikizidi, ni bia iliyotolewa kwenye tangi kabla hamira haijamaliza kazi yake. Tufaha bichi, vivyo hivyo, ni haraka. Mahindi ya kuchemsha huashiria tatizo wakati wa upishi. Siki ni bakteria. Na harufu nzito ya kunuka kama kicheche ni mwanga wa jua. Viambato vya uchungu wa hopi vikipigwa na jua huvunjika, na kinachotoka hapo kina salfa. Chupa ya kahawia huzuia mwanga huo vizuri, ya kijani huzuia kidogo, nyeupe haizuii karibu chochote. Glasi iliyokaa juani kwenye meza ya ufukweni inaweza kubadilika ndani ya dakika chache. Ukienda Coco Beach au Kigamboni, tafuta meza ya kivulini, na mwambie shemeji asiache glasi yake juani akaenda kuogelea. Kwanza asiende kuogelea akiwa amekunywa, hilo nalisema kwa uzito wote. Bahari haimjui mtu aliyezoea.

Kama unataka kuonja aina kadhaa siku ya wageni, gawa chupa moja kwa watu watatu wanne, anza na nyepesi uishie na nzito, na weka jagi la maji mezani. Kwa msimu huu ningekuchagulia bia ya ngano, laga ya kiwanda kidogo iliyopumzishwa vizuri, au zile chachu zinazotengenezwa kwa ukwaju au pasheni. Zinakata uzito wa chakula na hazimchoshi mtu. Stauti iache kwa nyama choma, ule ukoko wa nje ulioungua kidogo, hapo inakaa mahali pake hata katika joto. Pweza wa kukaanga mwenye ndimu apewe bia ya ngano. Angalizo moja ni pilipili: bia chungu yenye kilevi kingi huuzidisha moto wa pilipili. Watu huagiza ile yenye hopi nyingi wakidhani itawapoza, wakaishia kutoka jasho.

Kuhusu kununua, nitasema ukweli ingawa kazi yangu ni hii. Bia hizi ni ghali, na fedha yako ina thamani pale tu unapozipata zikiwa changa. Mahali pazuri kuliko pote ni kwenye bomba la kiwanda chenyewe au baa wanayoihudumia wenyewe. Kama ni ya kubeba, angalia tarehe ya kujazwa, si ile ya mwisho wa matumizi peke yake. Yenye hopi nyingi iliyotunzwa kwenye baridi naipenda ndani ya miezi miwili mitatu. Kopo lina faida kwa kuwa halipitishi mwanga kabisa. Ukiikuta duka limeipanga dirishani juani, iache hata kama imepunguzwa bei. Beba boksi la barafu, usiiache kwenye buti la gari wakati unapitia sokoni. Nyumbani iingie friji moja kwa moja, wima. Umeme ukikatika, usifungue friji hovyo, na usihangaike sana: bia ya baridi ikipata joto saa chache kisha ikapozwa tena haiharibiki kwa kitendo hicho chenyewe. Kinachohesabika ni jumla ya saa ilizokaa kwenye joto. Na kama friji yako ni ndogo na imejaa chakula cha watoto, nunua mbili mnywe siku hiyohiyo, au wageni wapewe laga ya kawaida ya kiwanda kikubwa. Ni bia halali, imetengenezwa kwa uangalifu, na imekusudiwa hali kama hiyo.

Soma pia asilimia ya kilevi. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Kichupa cha mililita 330 chenye asilimia 7.5 kina karibu kiasi hichohicho. Watu wanaona chupa ndogo wanadhani wamekunywa kidogo. Katika joto hali inazidi, kwa kuwa pombe hukufanya ukojoe maji mengi kuliko kawaida wakati tayari unapoteza mengine kwa jasho. Kiu ikate kwa maji kwanza, bia ije baada ya hapo. Na sitakuficha kwamba Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kuwa hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuhesabiwa kuwa salama kabisa kwa afya. Mtu anayekunywa afanye hivyo akijua hilo, achague kidogo kilicho kizuri. Mjamzito asinywe. Anayeendesha chombo, hata bodaboda, asinywe. Aliye kwenye dozi ya dawa, Flagyl ikiwemo, amuulize mfamasia kwanza.

Kuna mambo yasiyosubiri jibu langu. Mtu akivimba midomo, akatoka vipele au akabanwa kifua baada ya kunywa bia ya shayiri au ngano, hiyo ni hospitali, huenda ni mzio. Akitapika damu au kupata choo cheusi, ni hospitali. Na kama yuko mtu nyumbani anayetetemeka mikono asubuhi mpaka apate pombe, msimkatishe ghafla kwa nguvu. Kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege. Mpelekeni kwa daktari, aache akiwa chini ya uangalizi.

Nimemwacha baba mwisho makusudi, maana yeye ndiye nimemfikiria zaidi. Mtu aliyelelewa na mbege ataielewa bia ya kiwanda kidogo haraka kuliko sisi wa chupa. Anajua tayari kwamba pombe huwa hai, kwamba ya leo si ya kesho kutwa. Anajua kimea, ingawa chake ni cha ulezi. Uchungu wa hopi atauona ni ndugu wa uchungu wa gome la msesewe, mti unaotiwa kwenye mbege. Uchachu hautamshtua. Ile yenye hopi nyingi usianze nayo. Mchagulie bia ya ngano ya mtindo wa Ujerumani, kwa sababu hamira yake hutengeneza kiambato kilekile kinachoipa ndizi mbivu harufu yake. Hakuna ndizi hata moja ndani, lakini atainusa, na ningependa kuiona sura yake wakati huo.

Lakini ana jongo, na hapo sina maneno ya kulainisha. Bia ni miongoni mwa vinywaji vinavyoamsha jongo zaidi. Hamira na nafaka humpa mwili malighafi ya asidi ya yuriki, na kilevi huzuia figo kuitoa. Bia isiyo na kilevi nayo haimwondolei hatari yote, na mbege haiko nje ya hesabu hiyo. Pombe hupandisha presha, na baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kumfanya mtu akojoe, nazo huongeza asidi hiyohiyo. Nyingine zikikutana na pombe humfanya mzee ahisi kizunguzungu anaposimama. Kama kidole cha mguu kinamuuma sasa au kimemuuma wiki za karibuni, hata fundo la kuonja lisubiri. Kama ametulia, daktari wake anayejua dawa alizomwandikia ndiye wa kusema kama robo ya glasi inawezekana, siyo mimi wala wewe.

Akiruhusiwa, nunua chupa mbili siku moja kabla ya safari, ziweke kwenye friji usiku huo zikiwa wima, na uzibebe kwenye boksi la barafu miguuni pako ndani ya basi, si kwenye buti la chini. Marangu wakati wa Pasaka kuna masika na baridi yake, zitafika salama. Ila kabla hujanunua, mpigie umuulize siku yake ya kliniki ya presha ni lini, na umwombe ndugu anayempeleka aende na orodha ya dawa zote, pamoja na zile za maumivu anazonunua mwenyewe duka la dawa.